Bwana Dhiren na Lango la Maua

Ijumaa ya tarehe 26 Septemba, Bwana Dhiren Vadgama atafunga mlango wa ofisi yake hapa Uwanja wa Farasi wa Cranmere kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na minane ya kutafuta pesa mahali ambapo hazikuwepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Pale mlangoni cheo chake kimeandikwa kwa Kiingereza kirefu, lakini maana yake ni hiyo: mbio za farasi hazijilishi tena, basi mtafuteni mtu wa kuzilisha.

Tom, mkuu wa uwanja, ameandika ukurasa wake wa Kiingereza na mtausoma upande wa pili. Huu wa Kiswahili ameuomba Bwana Dhiren mwenyewe, kwa ajili yetu sisi wa jikoni, wa usafi, wa getini na wa mazizini, akasema auandike Bi Mwanakombo. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu wewe hutanisifu bure, Bibi." Nikashuku hapo hapo. Mtu anayeomba asisifiwe bure, basi kuna sifa anayoitaka. Skuli sikwenda, kwa hivyo maneno ya mapambo sina. Nitaeleza niliyoyaona, na niliona mengi, kwa sababu nilikuwa nikimchunguza.

Bwana Dhiren alizaliwa Mombasa, Makadara, baba yake muuza vitambaa. Alikuja London kijana, kwa ami yake, na Kiswahili chake hakikupata kutu hata kidogo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akikodisha mahema na viti kwa watu wa harusi na matanga huko Wembley na Harrow. Hilo la mahema liwekeni akilini, litarudi.

Siku yake ya kwanza hakwenda ofisini. Alikuja jikoni kwangu, amevaa suti, akaanza kufungua makabati. Nikamuuliza, "Wewe ni nani unayefungua makabati ya watu?" Akajibu kwa Kiswahili cha Mombasa kabisa, "Nimesikia harufu ya mahamri, Bibi. Nayatafuta yalipo." Wengine wangefurahi kumpata mtu wa kwao. Mimi nilijiuliza: huyu ametumwa na nani, na ataanza kupunguza nini? Katika maisha yangu, mtu wa suti akiingia jikoni, kuna mpishi anayetoka. Nikampa mahamri mawili na mbaazi, maana hata mshukiwa hula, na tangu siku hiyo sikumtoa machoni.

Walio wageni hapa ni vizuri wajue hali ilivyokuwa. Wazee waliozoea kuja na kofia zao walikuwa wakipungua kila msimu. Vijana kamari yao wameihamishia kwenye simu. Hawaoni haja ya kuja kulowa mvua ndipo wapoteze. Wenye farasi walikuwa wakiwaondoa mmoja mmoja, wakiwapeleka kwenye viwanja vyenye zawadi nono. Na ukipanda juu ya jukwaa ukatazama upande wa Hayes, unayaona mabohari yameota moja nyuma ya jingine, yakitusogelea. Ardhi pana kama hii, karibu na uwanja wa ndege! Kila mwenye bohari alikuwa akitutazama kama sahani ya biriani.

Mimi na kamari hatupatani, na kila mtu hapa anajua. Niliajiriwa kupika, sikuajiriwa kutia dau, lakini kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiutazama mshahara wangu kwa jicho la upande, nikijiuliza umepitia mikono ya nani. Kwa hivyo niliposikia kuna mtu ameletwa kutafuta pesa nyingine, zisizo za kamari, nusu yangu ilimwombea dua. Nusu nyingine ikasema, hebu tuone.

Jambo lake la kwanza lilikuwa kuegesha magari ya wasafiri. Watu wanaacha gari kwetu, wanapelekwa Heathrow kwa basi dogo, wakirudi wanalikuta. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima na yale magari yakazama kwenye nyasi mpaka milangoni. Wasafiri wakarudi kutoka Tenerife na kaptura zao, wakawakuta Bwana Dhiren na watu wa mazizi wakisukuma, yeye tope limefika kwenye tai. Bwana mmoja alimwambia amepumzika vizuri siku kumi na sasa mapumziko yote yameisha kwa dakika moja. Bwana Dhiren akamletea kiti na chai yangu. Jambo lile likafa hapo.

Jambo la pili lilikuwa mbolea. Kinyesi cha farasi tulikuwa tukikilipia kichukuliwe. Yeye akasema kitiwe magunia, kiuzwe kwa watu wenye vishamba vya bustani. Magunia ya kwanza aliyapanga ukutani kwangu, nje ya mlango wa jiko, siku ya joto. Nikamwambia, ama magunia ama mimi. Yalihamishwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini sitaficha: yule mzee Chaman wa Southall, anayelima bamia na waridi, anakuja mpaka leo na gari lake, na waridi zake zimekuwa na vichwa kama kabichi.

Kisha lilikuja soko la Jumapili, akaleta kina mama wa vitenge kutoka Peckham na wa samaki wakavu kutoka Tottenham. Lilivuma, likapoa, likavuma tena, na sasa lipo mara moja kwa mwezi. Kila mara alipoanzisha kitu nilisema hakitafaa. Nusu ya mara nilikuwa sawa, na yeye hakunificha. Alikuwa akija jikoni, anakaa juu ya ndoo ya mafuta, anasema, "Haya Bibi, sema ulivyoniambia." Nami nasema.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nyote mnalingoja.

Yapata miaka saba iliyopita, wakati wa baridi, nilikuwa nikiosha masufuria nikaona kupitia dirishani Bwana Dhiren akitembea uwanjani na wanaume watatu wenye viatu vya kung'aa na kile chombo cha kupimia ardhi chenye miguu mitatu. Aliwazungusha uwanja mzima, akiwaonyesha kwa kidole hapa na pale. Siku chache baadaye Tom akatuita wote ukumbini. Alisema wakurugenzi wamepata mnunuzi, mtu wa mabohari. Wametoa muda mpaka mwisho wa kiangazi: Bwana Dhiren asipoonyesha pesa za kutosha kutoka nje ya mbio, uwanja unauzwa, mazizi yanafungwa, na kila mtu atafute kwake.

Serah alilia. Nyote mnamjua Serah wetu wa mazizini, Mkenya wa Nakuru, mwanamke wa nguvu, anayeinua gunia la shayiri kwa mkono mmoja. Hakujililia yeye, alimlilia Biskuti. Biskuti ni yule farasi jike mweupe aliyemaliza mbio zake kwa mguu mbovu, mwenyewe akamtelekeza kwetu. Jina lake halisi ni refu na la kifahari, lakini jikoni ni Biskuti kwa sababu ndizo anazoiba. Uwanja ukifungwa, farasi mzee asiye na mwenyewe hana pa kwenda. Hakuna aliyetaka kusema anakwenda wapi.

Mimi sikulia. Nilimtazama Bwana Dhiren, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, na nikasema moyoni: wewe ndiwe uliyewazungusha. Mtu wa kutafuta pesa akichoka kuzitafuta kidogo kidogo, huuza shamba zima. Nilikuwa na hakika ameshakula upande wa pili.

Baada ya hapo akaja na wazo la harusi. Ukumbi tunao, maegesho tunayo (yalikuwa yameshawekewa kokoto baada ya yale ya Tenerife), mahema anayajua kuliko mtu yeyote. Na Wahindi, alituambia, bwana harusi wao huja juu ya farasi mweupe, tena hukodiwa kutoka mbali. Sisi farasi mweupe tunaye, anakula biskuti tu. Serah akachukua miezi kumzoesha Biskuti ngoma, akimpigia sufuria zangu zizini mpaka jirani wakalalamika. Biskuti hakujali. Serah akasema, "Huyu ni mstaafu, Bibi. Mambo ya mbio ameshasahau."

Mteja wa kwanza alikuwa Jaswinder, Mpunjabi wa Kisumu, mwenye duka la dhahabu Southall, anamwoza bintiye kwa kijana aitwaye Arjun. Mama yule ana ulimi. Alipokuja kuonja chakula aliuliza kila bizari nimeinunua wapi, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha ziwani, "Mimi siamini mtu, Bi." Nikampenda papo hapo. Siku ya harusi wakurugenzi nao wangekuja, wajionee kama jambo hili lina maisha.

Kwa watu wa Jaswinder kuna desturi: bwana harusi akifika, dada za bi harusi wanafunga utepe mlangoni, hapiti mpaka awape kitu, na hapo ndipo utani wote. Basi likahitajika lango zuri la kufungia utepe. Ili asikodi, Bwana Dhiren akaenda ghalani akatoa kizimba kimoja cha zamani cha kuanzia mbio, kile ambamo farasi huingizwa, joki mgongoni, mlango ukifunguka anachomoka. Akakivua milango, akakipaka rangi ya dhahabu, tukakifunga maua ya manjano kutoka juu mpaka chini. Kilipendeza kupita kiasi. Tulipita chini yake wote, Tom, Serah, mimi na sinia zangu, hakuna aliyefikiri kitu. Watu tuliofanya kazi na farasi maisha yetu yote, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba maua hayamdanganyi farasi.

Arjun akaja juu ya Biskuti, kilemba kirefu, upanga kiunoni, ngoma zinalia nyuma, ami zake wanacheza. Serah ameshika kamba. Biskuti akaingia langoni. Akasimama. Nilikuwa kwenye ngazi za ukumbi na nikaona masikio yake yakienda mbele. Dada za bi harusi wanamtania Arjun, ati saa yake ya mkononi ndiyo bei, Arjun anajibu wachukue ami yake mnene badala yake, watu wanacheka. Mwisho akatoa bahasha. Mkasi ukakata utepe.

Biskuti akaondoka.

Kamba ilimchubua Serah viganja vyote viwili. Dada za bi harusi waliruka huku na huku kama kuku. Farasi akavuka nyasi, akaingia njia ya mbio mwenyewe, akageukia upande ule ule ambao farasi wote hugeukia, na Arjun juu yake ameikumbatia shingo kama mtoto mgongoni kwa mamake. Ngoma zilinyamaza, kisha mpiga ngoma mmoja akaona heri aendelee. Wageni wakakimbilia jukwaani. Nasikia wajomba wawili walishawekeana dau kama atafika au atadondoka, na hao sitawataja, Mungu anawajua. Mguu wa Biskuti ule mbovu sijui ulipona wapi. Alizunguka uwanja mzima, akapita nguzo ya mwisho, akapunguza mwendo kwa adabu, akasimama kungoja sifa zake. Arjun alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Kilemba hakikuteleza hata kidogo, na aliyekifunga anastahili kutajwa, jina lake silijui.

Jaswinder alivuka nyasi na viatu mkononi. "Dhiren, nilikulipa unifanyie harusi," alisema, na kila mtu alisikia. "Nani kakwambia mkwe wangu ni joki?"

Harusi iliendelea, chakula kililiwa kikaisha. Lakini wakurugenzi walikuwa wameingia ofisini kwa Tom na kufunga mlango, na Bwana Dhiren akaitwa. Hapo mimi nilikuwa na hakika yangu. Nani aliwazungusha wapimaji? Dhiren. Nani alikitoa kizimba ghalani? Dhiren. Harusi ikiharibika mbele ya wakubwa, nani anapata? Mwenye bohari. Nikapakia chai kwenye sinia nikaenda kusimama nje ya mlango ule. Sikugonga. Nilitaka kumsikia kwa masikio yangu mwenyewe akituuza.

Mkurugenzi mmoja alikuwa akisema farasi aondolewe kesho, na yule mwanamke aliyeachia kamba aondoke naye. Tom, ambaye ni mtu mwema lakini ana woga, akamwambia Bwana Dhiren, taratibu, kwamba kama Serah ndiye aliyekosea, basi aseme hivyo, na labda yeye Dhiren na mpango wake wa harusi watapewa nafasi nyingine. Alikuwa amefunguliwa mlango kabisa, ni kupita tu.

Nikasikia kiti kikisogea. Bwana Dhiren akasema, "Lango ni langu. Nilikitoa kile kizimba mimi, kwa ubahili wangu, na Serah ameshikilia kamba mpaka ngozi imetoka. Farasi amefanya tulichomfundisha. Mkitaka mtu wa kuondoka, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu."

Nikaingia na chai, ilikuwa imeshapoa, na kikombe cha kwanza nikampa yeye, kabla ya wakurugenzi na kabla ya Tom. Alinitazama. Alijua nilikuwa nje kwa muda gani, maana chai yangu haipoi haraka.

Siku ya pili nikamuuliza waziwazi, "Na wale wa miguu mitatu?" Akasema walitumwa na wakurugenzi, yeye aliamriwa awatembeze tu. Kisha akasema, "Bibi, wewe ulikuwa dirishani. Hukuona niliwapitisha wapi?" Nikakumbuka. Aliwapitisha kule bondeni mtaro unakofurika, akawapitisha nyuma ya rundo la mbolea, Januari, na viatu vile vya kung'aa. Mpaka leo sijui kama alifanya makusudi au ni njia aliyoijua. Akicheka huwezi kujua.

Wakurugenzi hawakumfukuza mtu, ila walisema hawajaona harusi, wameona kichekesho, na kiangazi kilikuwa kinakwisha. Kilichotuokoa kilikuja kwa miguu yake. Jaswinder alirudi, moja kwa moja jikoni, akasema, "Chakula kilikuwa kizuri, Bi. Farasi wenu ana wazimu. Mwanangu na mumewe hawajanyamaza kucheka tangu siku ile, na mtu akiwatembelea anaelezwa upya. Mtoto wa dada yangu anaoa. Nataka ukumbi, nataka wewe. Farasi nataka kwanza tuonane uso kwa uso." Bwana Dhiren akampeleka zizini. Walitazamana muda mrefu, Jaswinder na Biskuti, wote wawili hawaamini mtu. Kisha Biskuti akachukua biskuti mkononi mwake kwa upole, na mama yule akasema, "Atakuja. Lango hapana."

Mama yule alileta dada zake, na dada zake wakaleta majirani zao. Wakati kiangazi kinafungwa, kitabu cha ukumbi kilikuwa kimejaa mpaka mwaka wa pili, na mtu wa mabohari akaambiwa atafute sahani nyingine. Tangu wakati huo bwana harusi wetu huja kwa nyasi zilizo wazi, Serah upande huu na msaidizi upande ule, na utepe hufungwa mlangoni pa ukumbi baada ya farasi kurudi kwake. Mbio bado zipo, siku chache kuliko zamani, na farasi wanalishwa na maharusi. Mshahara wangu nautazama usoni. Biskuti ni mzee sasa, bado anaiba.

Hayo ndiyo mafanikio ya Bwana Dhiren, na Tom atakuwa ameyaandika kwa namba. Mimi naongeza moja tu. Wapo watakaomsifu kwa sababu wanampenda. Mimi namsifu kwa sababu nilimvizia miaka kumi na minane, nikasikiliza milangoni, nikimngoja akosee, na pale alipokuwa na njia rahisi ya kukosea nilikuwepo, na hakuipita. Nani mwingine hapa ana ushahidi kama huo?

Tunamshukuru mkewe, Bhavna, kwa kutuazima mtu huyu, na kwa ile achari ya maembe ambayo sijawahi kusema ni nzuri kuliko yangu na sitasema leo.

Sasa anasema anakwenda kupumzika Harrow, atamwagilia maua na kulala mchana. Kila mtu ameamini. Mimi Jumatatu nimemwona kwenye kile chumba cha zamani cha kupimia uzito wa majoki, peke yake, anahesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta na kuangalia dari. Mstaafu anapima nini?

Basi Ijumaa, baada ya chai, tutamfungia utepe pale getini, na Serah atampa mkasi. Uende salama, Dhiren wetu, ule vizuri, ulale vizuri, uwaone wajukuu wakikua, na Mungu akupe umri mrefu wenye raha. Tutasimama ngazini wote tuone ukishakata utepe utatoka kwa mwendo gani. Mimi nitakuwa natazama masikio.

Bi Mwanakombo, jikoni